Maisha ya Profesa Smith na Samaki Silikanti

Ukifika pwani ya Bagamoyo asubuhi, wakati mashua na ngalawa zinarudi, utaona samaki wakimwagwa mchangani na mnada ukianza. Wengi wao unawajua kwa majina: changu, kolekole, nguru, tasi, taa, chewa, papa. Mtoto wa pwani huwajua samaki kabla hajajua kusoma.

Lakini yuko samaki mmoja ambaye huwezi kutegemea kumwona katika mnada huo. Bahari iliyo kati ya Bagamoyo na Unguja haina kina kirefu, na samaki huyo hukaa gizani, katika mapango ya miamba yaliyo chini sana. Ifuate pwani kwenda kaskazini. Ukipita Saadani na Pangani utafika mahali ambapo sakafu ya bahari inashuka ghafula, si mbali na nchi kavu. Hapo, mbele ya Kigombe na Tanga, ndipo anapoishi. Siku hizi watu wa Tanga humwita silikanti.

Silikanti ni samaki mkubwa. Anaweza kuwa mrefu kama mtu mzima na kupita kilo 80. Rangi yake ni buluu yenye madoa meupe. Magamba yake ni magumu. Mkia wake una sehemu tatu badala ya mbili. Mapezi yake hayakuota moja kwa moja mwilini kama mapezi ya changu, bali yameshikwa na vikono vya nyama vyenye mifupa ndani yake. Nyama yake ina mafuta mengi yasiyofaa, na mtu akiila huweza kuharisha. Kwa mvuvi anayetaka kitoweo au fedha, silikanti hana faida.

Hata hivyo mtu mmoja alimtafuta samaki huyu kwa miaka 14, akatumia nguvu zake na fedha zake, karibu apate wazimu. Maisha ya mtu huyo ndiyo utakayosoma hapa.

MTOTO WA NCHI KAVU

James Leonard Brierley Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Mji huo uko mbali na bahari, katika nchi kame ya wafuga kondoo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Mtoto alipopelekwa pwani akashika mshipi na ndoana, alipenda uvuvi, na mapenzi hayo hayakumtoka tena.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Smith aliingia jeshini, akaletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi yetu. Hakupata sifa ya vita. Alichopata ni malaria na kuhara damu, akarudishwa kwao akiwa hoi. Tangu hapo afya yake haikuwa nzuri. Basi mtu huyu aliyekuja baadaye kuzunguka pwani zetu kwa ajili ya samaki, alizijua nchi zetu kwanza kwa homa.

Baada ya vita alisoma kemia. Kemia ni elimu ya vitu na jinsi vinavyochanganyika na kubadilika. Alikwenda Uingereza, na mwaka 1922 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporudi alifundisha kemia katika chuo cha Rhodes, mji wa Grahamstown. Hiyo ndiyo kazi iliyompa mshahara. Samaki walikuwa kazi ya jioni na ya siku za mapumziko. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe kwa vitabu, kisu na kuhesabu miiba na magamba. Aliandika barua kwa wavuvi na kwa majumba madogo ya makumbusho, akiwaomba wamwarifu wakipata samaki wa ajabu.

Mwaka 1938 alimwoa Margaret Macdonald. Mama huyu akawa mwenzi wake katika kazi, akajifunza kuchora samaki, na picha zake nyingi zimo katika vitabu vya mumewe. Nitamtaja tena, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekatika katikati.

BARUA YA KRISMASI

Mwezi Desemba 1938 meli ya kukokota wavu, iliyoitwa Nerine, ilikuwa ikivua karibu na mlango wa mto Chalumna, upande wa kusini wa Afrika Kusini. Nahodha wake, Hendrik Goosen, alikuwa na desturi ya kumwekea samaki wa ajabu binti mmoja aliyetunza jumba la makumbusho la mji wa East London. Jina la binti huyo lilikuwa Marjorie Courtenay-Latimer.

Tarehe 22 Desemba Goosen alitia nanga bandarini, akampelekea habari. Binti Latimer alikuwa na kazi nyingi, lakini alikwenda kuwapa mabaharia mkono wa Krismasi. Chini ya rundo la papa na samaki wengine aliona pezi la buluu. Akaondoa utelezi, akaona samaki ambaye hajapata kumwona.

Sasa fikiri taabu aliyoipata. Ilikuwa kiangazi, joto kali. Samaki alikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57. Dereva wa teksi hakutaka kumpakia kwa ajili ya harufu. Chumba cha maiti cha hospitali kilikataa kumpokea. Ghala la barafu nalo lilikataa. Mkubwa wake mmoja alimwambia kwamba huyo ni chewa tu. Binti hakukubali. Alimzungushia samaki magazeti na vitambaa vilivyoloweshwa dawa ya kuzuia kuoza. Tarehe 23 Desemba alimwandikia Smith barua, na ndani yake akachora samaki yule kwa mkono.

Smith hakuwa Grahamstown. Alikuwa Knysna, pwani, kwa mapumziko, tena mgonjwa. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Alipoutazama mchoro, alishtuka. Aliwahi kuona umbo lile, lakini si baharini. Aliliona katika vitabu vya visukuku. Kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Wataalamu walikuwa wamepata mawe mengi yenye umbo la samaki wa ukoo huo. Yaliyo ya kale zaidi yana umri wa miaka kama 400,000,000, na ya mwisho kama miaka 66,000,000. Baada ya hapo hapakuonekana tena alama yao. Wote walidhani ukoo huo ulikwisha zamani.

Alipeleka simu ya maandishi kwamba mifupa na matamvua yahifadhiwe. Simu ilichelewa. Siku zilikuwa zimepita, matumbo yameoza, yametupwa. Ilibaki ngozi, kichwa na mifupa kidogo. Smith alifika East London tarehe 16 Februari. Alipomwona samaki alijua kwamba hakukosea. Alimpa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya binti Latimer na ya mto Chalumna.

Umeona, msomaji, jinsi mambo yalivyokwenda. Mvuvi alivua, binti alitambua, mwalimu wa kemia akatoa jina. Yeyote kati yao angelegea, samaki yule angetupwa jaani.

MIAKA KUMI NA MINNE

Smith hakuridhika. Alitaka samaki mzima mwenye moyo, ubongo na matumbo. Swali lake kubwa lilikuwa swali la ukoo. Samaki huyu ni ndugu wa nani? Wataalamu wengi wa siku hizo waliamini kwamba wanyama wote wa nchi kavu wenye mifupa, kama vile chura, kuku, ng'ombe na binadamu, wametokana zamani sana na samaki wenye mapezi ya nyama. Mapezi hayo, walisema, ndiyo yaliyogeuka miguu na mikono. Silikanti alikuwa na mapezi hayo. Baadaye Smith alimpa jina la utani la mzee mwenye miguu minne, na mwaka 1956 akatoa kitabu chenye jina hilo.

Vita ya pili ya dunia ilizuia safari zake. Baada ya vita, mwaka 1946, aliacha kabisa kufundisha kemia, akawa mtu wa samaki. Mwaka 1949 alitoa kitabu kikubwa cha samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Pamoja na mkewe alisafiri pwani ya Msumbiji na visiwa vyake. Alikuwa mkali, hapotezi dakika, na hakuvumilia mvivu. Tuseme pia kwamba alikusanya samaki wengi kwa kutumia baruti. Wewe unayeishi pwani unajua baruti inavyoyafanya matumbawe. Sifa zake hazifuti jambo hilo.

Alichapisha karatasi yenye picha ya silikanti, akaahidi paundi 100 kwa mtu atakayempata. Fedha hizo zilikuwa nyingi sana kwa mvuvi wa siku hizo. Karatasi ziligawanywa katika pwani za Afrika Mashariki. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo. Mvuvi wa Pangani au wa Saadani ambaye karatasi ile ingemfikia angeweza kutazama picha tu.

Mwaka 1952 Smith na mkewe walitembelea pwani ya Kenya, Pemba na Unguja. Mjini Unguja, Bibi Smith alizungumza na nahodha Mwingereza aitwaye Eric Hunt, mwenye chombo cha matanga kilichofanya biashara kati ya Unguja na Visiwa vya Komoro. Hunt aliichukua habari ile kwa moyo. Alibeba karatasi akazipeleka Komoro.

Karibu na Krismasi ya mwaka huo, mvuvi wa kisiwa cha Anjouan, Ahamadi Abdallah, alivua kwa mshipi usiku karibu na Domoni. Alivuta samaki mkubwa mzito, akamuua, na asubuhi akampeleka sokoni kuuza. Hapo mwalimu mmoja aliyekuwa ameiona karatasi alimtambua. Aliwaambia wasimkate. Samaki alibebwa kuvuka milima katika jua kali hadi Mutsamudu, alikotia nanga Hunt. Watu wa Komoro walimjua samaki huyo tangu zamani. Walimwita gombessa, na walimpata mara chache. Kwa hiyo tusiseme kwamba samaki huyo hakujulikana. Alijulikana na watu ambao hakuna aliyewauliza.

Hunt alimtia chumvi, kisha akatafuta dawa ya kumhifadhi. Alipeleka simu kwa Smith, na simu ilimkuta tarehe 24 Desemba melini katika bandari ya Durban, akirejea kutoka Afrika Mashariki. Yaani alikuwa amekwisha kuipita njia ya Komoro!

NDEGE YA JESHI

Smith hakulala. Samaki alikuwa mbali, joto ni kali, na Wafaransa waliotawala Komoro wangeweza kumchukua wakati wowote. Alipiga simu kwa mkubwa huyu na huyu, lakini ilikuwa sikukuu na ofisi zimefungwa. Mwisho alimwomba waziri mkuu, D.F. Malan. Huyu Malan ndiye aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuanzisha siasa ya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Kabla ya siasa alikuwa mchungaji wa kanisa. Alikubali kutoa ndege ya jeshi aina ya Dakota.

Tarehe 29 Desemba ndege ilitua katika kisiwa kidogo cha Pamanzi, Mayotte, ambako Hunt alikuwa amemleta samaki kwa chombo chake. Smith alipofika mbele ya sanduku aliogopa kutazama. Aliwaambia wengine walifungue. Alipoona kwamba ni silikanti kweli, alipiga magoti, akalia bila kuona haya mbele ya askari. Alikuwa na miaka 55.

Aliona pezi moja la mgongoni halipo. Akadhani ni aina mpya, akaipa jina la Malania kwa kumshukuru yule waziri mkuu. Alikosea. Samaki yule alikuwa wa aina ileile, ila alikuwa amepotewa na pezi hilo. Jina la Malan likaondolewa, na jina la binti Latimer likabaki. Mimi sioni kwamba hilo ni hasara. Ahamadi Abdallah alipewa zile paundi 100. Hunt alipotea baharini mwaka 1956 chombo chake kilipovunjika.

Baada ya hapo Wafaransa waliwazuia wageni kutafuta silikanti Komoro, na wao wenyewe wakawachunguza samaki waliopatikana. Smith aliendelea na samaki wengine, akaandika pamoja na mkewe kitabu cha samaki wa Shelisheli, kilichotoka mwaka 1963. Mwili ulizidi kuchoka. Aliogopa kuwa mzee asiyejiweza, na mwezi Januari 1968, akiwa na miaka 70, alijiua. Mkewe hakuacha kazi. Aliongoza taasisi ya samaki ya Grahamstown iliyopewa jina la mumewe, akaijenga mpaka ikajulikana dunia nzima. Alifariki mwaka 1987. Mwaka huohuo Mjerumani Hans Fricke, akiwa ndani ya chombo cha kuzamia huko Komoro, alikuwa akiwatazama silikanti wakiwa hai. Hawatembei chini ya bahari kama Smith alivyodhani. Huelea polepole. Ila mapezi yao huyatupa kwa zamu, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama punda anavyotupa miguu.

KITABU KILICHO MWILINI

Smith aliutafuta ukoo wa silikanti katika mifupa. Siku hizi kuna njia nyingine, ambayo yeye hakuishi kuiona.

Katika kila mwili ulio hai, wa samaki, wa mhogo, wa mbu au wa mtu, mna maandishi madogo sana yanayoitwa vinasaba. Maandishi hayo huuongoza mwili jinsi ya kujijenga. Yana herufi nne tu, nazo wataalamu huziandika A, C, G na T. Maandishi yote ya kiumbe mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho, huitwa jenomu. Jenomu ya binadamu ina herufi kama 3,000,000,000. Ya silikanti inakaribia 2,900,000,000. Mzazi humrithisha mtoto nakala, na katika kunakili hutokea makosa machache.

Makosa hayo ndiyo yanayoonyesha ukoo. Fikiri darasa lenu la kisomo. Mwalimu ameandika ubaoni habari ya kilimo cha mihogo. Asha amenakili, lakini mahali pa mihogo ameandika mihongo. Siku ya pili Juma na Mwanahamisi, ambao hawakuhudhuria, wananakili kutoka daftari la Asha. Nao wanaandika mihongo. Juma anaongeza kosa lake: badala ya shamba ameandika shaba. Halafu Selemani ananakili kutoka kwa Juma. Sasa mkaguzi akija akakusanya madaftari, hahitaji kuuliza. Daftari la Selemani lina mihongo na shaba, kwa hiyo limetoka kwa Juma. La Mwanahamisi lina mihongo peke yake. Wale ambao hawana kosa hata moja walinakili kutoka ubaoni. Mkaguzi anaweza kuchora mti wa madaftari yote, shina na matawi.

Wataalamu hufanya hivyo kwa viumbe, ila herufi ni nyingi mno, kwa hiyo hutumia kompyuta kuzilinganisha. Viumbe wenye makosa ya pamoja wametoka katika tawi moja. Wakihesabu tofauti, na wakijua makosa huzidi kwa kasi gani, wanaweza pia kukadiria ni muda gani umepita tangu matawi yalipoachana.

Mwaka 2013 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza kwamba wameisoma jenomu ya silikanti wa Komoro. Walilinganisha jeni 251 za silikanti na za wanyama wengine, tangu papa hadi binadamu. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye kazi yake. Kati ya waliolinganishwa alikuwamo kamongo wa Afrika. Kama una jamaa aliyeishi kando ya Ziwa Viktoria, bila shaka umesikia habari za kamongo. Ni samaki mrefu mwenye mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na baadhi yao huweza kujizika katika matope wakati wa ukame.

Jibu likawa hili. Kati ya silikanti na kamongo, aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne ni kamongo. Silikanti ni ndugu, lakini ni wa tawi lililotangulia kuachana. Usiseme basi kwamba silikanti au kamongo ni babu yako. Hawa wanaishi leo kama wewe, na binamu wa mtu si babu yake. Waliokuwa wazazi wa wote walikwisha kufa zamani sana.

Kwa hiyo Smith alikosea? Kwa sehemu. Mzee wake mwenye miguu minne hakuwa ndugu wa karibu kama alivyotumaini. Lakini juu ya mapezi alikuwa na macho mazuri. Wataalamu walichukua kipande cha maandishi ya silikanti wakakiweka katika vijusi vya panya, na kipande hicho kikafanya kazi mahali miguu ilipokuwa ikiota. Waliona pia kwamba jeni za silikanti zimebadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu.

SAMAKI WA TANGA

Sasa turudi pwani yetu. Kabla ya mwaka 2003 hakukuwa na habari ya silikanti aliyepatikana Tanzania. Mwezi Septemba mwaka huo mmoja alinaswa Songo Mnara, karibu na Kilwa. Kisha wakaanza kunaswa Tanga, na katika muda mfupi wakapita 20. Walinaswa na jarife, zile nyavu za papa zenye matundu makubwa, zilizotegwa chini kuliko zamani. Samaki wa maji mafupi walikuwa wamepungua, na wavuvi walifuata papa huko chini. Hawakuwa wakimtafuta silikanti.

Watanzania wa utafiti wa uvuvi waliwahifadhi samaki hao, na pamoja na wataalamu wa Japani wakasoma sehemu ya vinasaba vyao. Watu walikuwa wakidhani kwamba silikanti wa Tanga ni watoto waliopotea, waliochukuliwa na mkondo wa bahari kutoka Komoro. Kama ni hivyo, wakinaswa wote watakuja wengine. Majibu yalitangazwa mwaka 2011. Samaki wa Kilwa walifanana na wa Komoro. Wale wa kaskazini, wa Tanga, walikuwa na makosa yao wenyewe ya kunakili, ambayo wa Komoro hawana. Kwa hesabu ya wataalamu, makundi hayo mawili yameachana kwa muda usiopungua miaka 200,000. Wakati huo hapakuwa na mji hata mmoja duniani.

Maana yake ni kwamba wao si wageni. Wanazaana hapohapo, mbele ya Kigombe na Tanga, na wakiisha hakuna dalili kwamba Komoro itawaleta wengine.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya silikanti kati ya Tanga na Pangani. Neno la hifadhi halipiti kirahisi kwa mvuvi mwenye watoto wa kulisha, hasa akiambiwa asitege jarife kwa ajili ya samaki asiyelika. Mvuvi ana haki ya kuuliza atakula nini. Lakini na hesabu ya samaki huyu ni ngumu. Silikanti hatagi mayai baharini. Huzaa watoto walio hai. Mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walihesabu duara ndogondogo za magamba, kama mtu anavyohesabu duara za gogo la mti. Waliona kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano, kwamba jike hawi tayari kuzaa mpaka afikishe kama miaka 55, na kwamba samaki hawa huweza kukaribia miaka 100.

Kwa hesabu hiyo, silikanti mkubwa aliyenaswa Tanga mwaka 2004 anaweza kuwa alikuwa amekwisha kuzaliwa mwaka 1952, akikaa katika pango lake upande wa pili wa mkondo wa Pemba, siku zile Profesa Smith na mkewe walipokuwa Pemba wakigawa karatasi zenye picha yake.